Simu ya Kizingitini Bado Iko Toleo la Tatu

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Amu, yaani Lamu. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa nafasi siku ile.

Assalaam aleikum. Wazee wetu mlioitikia mwito, mama zetu, na nyinyi vijana mlioketi na kompyuta mapajani, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya hifadhidata, yaani ghala la rekodi lililopangwa kwa majedwali, na nadhani walioniomba walitaka niwaonyeshe namna ya kuijenga. Kujenga mtajifunza wenyewe, na hamtachukua muda mrefu. Mimi nataka tuzungumzie siku zinazofuata, pale programu imeshaingia mikononi mwa watu, rekodi zao zimo ndani, nawe sasa unataka kubadilisha umbo la majedwali yaliyobeba rekodi hizo. Hapo ndipo watu huumizwa.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliandika programu ndogo ya simu kwa kikundi cha wanunuzi wa samaki. Mnunuzi akipokea mzigo ufuoni anaandika jina la mvuvi, aina ya samaki, kiasi, bei, na kama amelipa au bado anadaiwa. Mtandao ufuoni ni wa kubahatisha, kwa hiyo kila kitu kilikaa ndani ya simu yenyewe, katika faili moja ya SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu), kikisubiri kupelekwa kwenye seva mtandao ukipatikana. Siku moja nikahitaji kuongeza safu moja tu, yaani sehemu moja mpya ya habari kwa kila rekodi, kwenye jedwali. Nilipoiongeza, programu ikakataa kufunguka kwenye simu yangu ya majaribio. Ilikuwa inalalamika kwamba umbo la jedwali limebadilika na sijaipa njia ya kutoka umbo la zamani kwenda jipya. Ilikuwa na haki kulalamika. Lakini nilikuwa na haraka, na katika Room, maktaba ya programu zilizoandikwa tayari kwa kazi ya hifadhidata, ile inayotumiwa sana kwenye Android, kuna amri moja iitwayo fallbackToDestructiveMigration. Maana yake ni hii: ukikosa njia ya kupanda, futa majedwali yote ujenge upya. Nikaiweka. Programu ikafunguka vizuri, nikatuma sasisho, nikaenda zangu kulala.

Mnunuzi mmoja wa Kizingitini, kisiwani Pate, alikuwa na wiki sita za rekodi ambazo hazijafika kwenye seva. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari shwari, kambamti wanaingia kila siku. Asubuhi alisasisha programu, akaifungua, akakuta ukurasa mweupe. Alinipigia simu. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, yale madeni yamekwenda wapi?"

Nilisubiri maji yajae, nikapanda boti kwenda kwake. Tulikaa siku mbili barazani pake tukijenga upya kilichofutwa, yeye kwa kumbukumbu, binti yake kwa daftari ambamo alikuwa akinakili baadhi ya hesabu. Kuna madeni hatukuyapata. Kuna wavuvi wawili waliosema wanamdai zaidi ya alivyokumbuka, na hakuwa na cha kuwaonyesha. Alilipa. Sikuweza kumtazama usoni alipokuwa akizihesabu zile noti. Tangu siku ile amri hiyo haijaingia tena katika kazi yangu, na nawaomba isiingie katika kazi zenu isipokuwa kwa data ambayo seva inaweza kuirudisha yote kama ilivyokuwa.

Sasa tutazame simu ilijuaje kwamba umbo limebadilika. Kila faili ya SQLite huanza na kichwa cha baiti 100. Kuanzia baiti ya 60 kuna baiti nne ambazo SQLite yenyewe haizitumii kwa jambo lolote. Zimeachiwa mwandishi wa programu. Jina lake ni user_version, na usipoigusa thamani yake ni 0. Android huweka humo namba ya toleo la umbo la majedwali. Programu ikifunguka husoma namba iliyo ndani ya faili, ikailinganisha na namba uliyoiandika wewe kwenye kodi, yaani maandishi ya programu. Faili ikiwa haipo, majedwali hujengwa mapya. Namba ya faili ikiwa ndogo, sehemu ya kodi iitwayo onUpgrade hutekelezwa, na wewe unapewa namba mbili: ulikotoka na unakokwenda. Namba ya faili ikiwa kubwa kuliko ya kodi, maana yake mtu amerudisha programu ya zamani juu ya data mpya, na usipoandika la kufanya programu husimama kwa kosa. Kusimama huko ni salama. Programu ya zamani ikiachwa iandike ndani ya umbo isilolijua, utakuja kutafuta uharibifu ambao hujui ulianza lini.

Namba hiyo ndogo ndiyo kumbukumbu pekee ya faili kuhusu historia yake. Mkiielewa, mmeelewa nusu ya hotuba hii.

Jambo linalowasahaulisha wengi ni hili: wewe mezani kwako uko toleo la 7, lakini watu hawako pamoja nawe. Simu ya Shela iko la 6 kwa sababu mwenyewe ana mtandao nyumbani. Simu ya Mokowe iko la 5. Simu ya Kizingitini bado iko la 3, kwa sababu mwenyewe hununua bando la shilingi chache na hataki limalizwe na sasisho. Siku atakapoamua kusasisha, ataruka kutoka 3 mpaka 7 kwa mara moja, na kodi yako lazima impandishe. Usiandike njia ya 3 kwenda 7, nyingine ya 5 kwenda 7, nyingine ya 6 kwenda 7. Andika ngazi: kipandio cha 3 kwenda 4, cha 4 kwenda 5, na kuendelea, kila kimoja kikifanya kazi yake peke yake bila kujua vingine. Aliye kwenye 3 atapanda vinne, aliye kwenye 6 atapanda kimoja, na wote watafika mahali pamoja.

Kipandio kikishatoka kwenda kwa watu, hakiguswi tena. Ukigundua kwamba kile cha 4 kwenda 5 kina kosa, usirudi kukirekebisha, kwa maana waliokwisha kukipita hawatakipita tena. Utakuwa na watu wawili wote wanaosema wako toleo la 5 na majedwali yao hayafanani. Andika kipandio kipya cha 7 kwenda 8 kinachosahihisha kosa, hata kama kinakuaibisha mbele ya wenzako. Upande wa seva, chombo kama Flyway, kinachotekeleza faili za mabadiliko ya majedwali kwa mfuatano, hukulazimisha kufuata jambo hili. Huweka hesabu ya yaliyomo katika kila faili ya mabadiliko iliyokwisha kutekelezwa, na ukigusa hata herufi moja ya faili ya zamani, hukataa kuendelea.

Na namba zenyewe zina fitina yake mkiwa wengi. Mmoja yuko Malindi, mwingine Amu, kila mmoja anaandika faili ya mabadiliko ya 14 bila kujua mwenzake naye ameandika ya 14. Watu wa Rails, zana ya kujengea programu za wavuti, waliteseka na hilo mpaka toleo la 2.1, mwaka 2008, walipoacha namba za mfuatano wakaweka tarehe na saa mwanzoni mwa jina la faili. Django, zana nyingine ya aina hiyo, iliyoingiza kazi hii ndani yake mwaka 2014 katika toleo la 1.7, ilichagua njia nyingine: kila faili inamtaja mzazi wake, na faili mbili zikidai mzazi mmoja, chombo kinasimama na kukwambia mzipatanishe kwanza. Mimi napenda ya Django, kwa sababu inawalazimisha watu wawili kuzungumza.

Kosa jingine limejificha kwa wanaoanza upya. Anayepakua programu leo hapandi ngazi, hujengewa toleo la 7 moja kwa moja. Basi kuna njia mbili za kufika toleo la 7, na wewe umeziandika mahali pawili. Utaongeza safu kwenye ngazi usahau kuiweka kwenye umbo jipya, au kinyume chake. Dawa yake ni jaribio moja: jenga faili moja kwa kupanda tangu 1, jenga nyingine mpya, kisha linganisha majedwali, safu kwa safu. Room inaweza kukuandikia umbo la kila toleo katika faili ya maandishi ya JSON. Ziwekeni faili hizo kwenye Git (chombo cha kutunza historia ya kodi) pamoja na kodi, msizitupe.

Haya. Mpaka hapa ni ufundi. Sasa nije kwenye lile gumu, nalo ni maana.

Programu yangu ilikuwa na safu iitwayo kiasi, na ndani yake namba tupu. Mwanzoni tulikubaliana ni kilo. Baada ya muda nikakuta baadhi ya wanunuzi wanaandika kilo kwa pweza na changu, lakini kwa kambamti wanaandika idadi, kwa sababu ndivyo walivyozoea kumhesabu. Jedwali halikulalamika, maana 12 ni 12. Ile safu niliyoiongeza siku ya msiba ilikuwa ya kipimo, kusudi tujue kama 12 ni kilo au ni vichwa. Na hapo nikajifunza kwamba safu ikibadilika maana bila kubadilika jina, hakuna chombo kitakachokuonya. Kipandio kilichoongeza kipimo hakikuwa na haki ya kujaza "kilo" kila mahali eti ili safu isibaki wazi. Mistari iliyokuwa na shaka ilipaswa kubaki wazi mpaka mwenyewe aulizwe.

Jaribio gumu kuliko yote lilikuwa la saa. Toleo la kwanza liliwaacha watu waandike muda kwa maneno yao, nao wakaandika kama wanavyosema: "saa tatu asubuhi", "saa kumi na moja alfajiri", "saa mbili usiku wa Ijumaa". Nilitaka kuyageuza yote kuwa tarehe na saa ambazo mashine inaweza kuzipanga. Asubuhi na mchana hazikunipa taabu. Saa tatu asubuhi ni 9:00, unaongeza sita, basi. Alfajiri inataka uangalifu, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri ni 5:00 na si 17:00.

Usiku wa Ijumaa ndio ulionisimamisha. Kwa mzee wa hapa siku huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaoingia baada ya Maghrib ya Alhamisi, ndio usiku watu wanaosoma Yasini. Kwa kijana aliyezoea kalenda ya ofisini, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata baada ya mchana wa Ijumaa wenyewe. Wote wawili walikuwa wananunua samaki, wote wawili wameandika ndani ya jedwali moja, kwa maneno yale yale, wakikusudia nyakati zilizopishana kwa saa 24. Nikasema nitachagua moja. Kisha nikakumbuka baraza la Kizingitini, nikaacha.

Tulichofanya ni hiki. Safu ya zamani iliachwa kama ilivyo, neno kwa neno. Iliongezwa safu mpya ya muda. Kipandio kilijaza mistari ile tu iliyokuwa na yakini, na iliyobaki ikaachwa tupu. Kisha programu, siku mwenyewe anapofungua rekodi yenye shaka, ikamwonyesha maneno yake mwenyewe na kumuuliza: Alhamisi usiku, au Ijumaa usiku? Ilichukua miezi. Safu ya zamani haikuondolewa mpaka idadi ya tupu ilipofika mahali ambapo tulikubaliana na kikundi kwamba zilizobaki hazina deni lolote ndani yake.

Mwendo huo wa kuongeza kwanza, kujaza, kusoma pande zote mbili, na kuondoa mwisho kabisa, wengi wenu mmeuishi bila kuujua. Katiba ya Kenya ya 2010 ilileta kaunti 47, nazo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Fikirieni mfumo wowote wa wakati ule wenye safu ya mkoa na safu ya wilaya. Mkoa wa Pwani ukawa kaunti sita: Mombasa namba 1, Kwale 2, Kilifi 3, Tana River 4, Lamu 5, Taita Taveta 6. Kwa mtu wa Amu, ungeweza kudhani ni kubadilisha neno wilaya kuwa kaunti na kumaliza. Mtu wa Malindi je? Wilaya yake iliingia ndani ya Kaunti ya Kilifi. Yeye hakuhama nyumba, wala chumba, lakini jibu la swali "unatoka wapi" lilibadilika kwenye karatasi. Na hati yake ya zamani bado imeandikwa Wilaya ya Malindi, na siku atakapoileta dirishani, karani anahitaji kuipata. Aliyefuta safu ya wilaya na kuandika Kilifi juu yake aliharibu uwezo wa kusoma hati zote za nyuma. Aliyeongeza safu ya kaunti kando yake, akaijaza kwa jedwali la wilaya na kaunti zake, akaiacha wilaya ibaki kama habari ya kihistoria, mtu wa Malindi anamshukuru mpaka leo hata kama hamjui.

Kuhusu seva nitapita haraka, ila mambo mawili nawaomba myashike.

La kwanza ni muamala, yaani fungu la amri zinazofanikiwa zote au kushindwa zote. Katika SQLite, na katika PostgreSQL ambayo ni hifadhidata ya seva, mabadiliko ya majedwali yanaweza kufungwa ndani ya muamala mmoja. Likishindwa la tatu, la kwanza na la pili nayo hurudishwa, ukawa kama hukugusa kitu. MySQL, hifadhidata nyingine ya seva, haiko hivyo. Kila ALTER TABLE, yaani amri ya kubadilisha umbo la jedwali, hujikamilisha yenyewe papo hapo, na faili ya amri tano ikivunjika kwenye ya tatu, mbili za mwanzo zimeshakaa. Anayetumia MySQL aandike badiliko moja kwa faili moja, ajue amesimama wapi umeme ukikatika.

La pili ni kufuli, yaani kuwazuia wengine wasiliguse jedwali amri moja ikilifanyia kazi. Mmeiona gati ya Mokowe siku ya watu wengi. Mashua kubwa ikisubiri nafasi huku imeziba njia, hata mashua ndogo yenye abiria wawili inakwama nyuma yake. Ndivyo ALTER TABLE inavyofanya katika PostgreSQL. Nyingi kati ya amri hizo hutaka kufuli kubwa kuliko zote, isiyokubali hata msomaji. Ikiwa kuna ripoti ndefu inaendelea, amri yako inasubiri ripoti, na kila aliyekuja baada yako anakusubiri wewe. Badiliko la nusu sekunde linazima mfumo kwa dakika kumi. Wekeni lock_timeout ya sekunde mbili tatu: amri ikikosa kufuli iondoke foleni, ijaribu tena baadaye. Na kama seva yenu ina PostgreSQL ya zamani kuliko 11, iliyotoka 2018, jueni kwamba kuongeza safu yenye thamani ya mwanzo huandika upya jedwali zima. Kuanzia 11, thamani ikiwa moja isiyobadilika, haliandikwi.

Kwenye simu msitegemee amri mpya za SQLite kwa sababu tu mmezisoma. Amri ya kuondoa safu iliingia toleo la 3.35, Machi 2021. Android 11 ilitoka 2020, kwa hiyo simu yenye SQLite ya Android 11 haina habari nayo. Huko utatumia njia ndefu: jenga jedwali jipya, nakili mistari, futa la zamani, lipe jipya jina la zamani, yote ndani ya muamala. Na mkichukua nakala ya faili ili kuilinda kabla ya kupanda, tazameni kando yake. Huenda kuna faili nyingine yenye mkia wa -wal, na rekodi za mwisho zimo humo. Niliwahi kunakili moja nikaiacha nyingine, nakala ikafunguka vizuri ikiwa imekosa alasiri nzima ya kazi.

Kuna mmoja ameniuliza nje kabla hatujaanza, nitume masasisho makubwa lini? Mimi hutuma wakati wa kusi, bahari ikichafuka na majahazi yakikaa ufuoni. Rekodi zinazoingia ni chache, wanunuzi wana nafasi ya kupokea simu, na tukikosea tunakosea juu ya mistari kumi badala ya elfu.

Nimeleta simu tatu, ziko hapa mezani. Moja iko toleo la 1, moja la 3, moja la 6. Kila moja ina rekodi 240 za kubuni, na katika ile ya toleo la 1 nimeweka kambamti waliohesabiwa kwa vichwa na muda ulioandikwa "usiku wa Ijumaa". Gawanyikeni vikundi vitatu. Anzeni kwa kuchukua nakala, na mkia wake. Kisha zipandisheni zote mpaka toleo la 7, na mniletee hesabu ya mistari kabla na baada, pamoja na orodha ya ile mliyoiacha tupu na sababu yake. Tuna mpaka adhana ya Alasiri.